Wito wa Makala, Rasimu ya Nne

Idara yetu ya falsafa ina viti sita,
mashine moja ya kuchapia inayokohoa wino,
na dirisha linalotazama Kadutu iking'ang'ania mlima.
Profesa Zihalirwa amenipa kazi: andika wito.
Mkutano wa kanda, hapa Bukavu, mwezi wa saba,
barabara zikiwa zimekauka.

Rasimu ya kwanza niliijaza maneno marefu.
Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza:
"Huyu anayeongea hapa huona njaa saa ngapi?"
Ya pili ililiwa na giza, umeme ulikatika sijahifadhi.
Ya tatu ilikuwa nzuri mno. Niliichana mwenyewe.

Hii ni ya nne.

Enyi mnaofikiri, wa Goma na wa Uvira,
wa Kalemie, wa Bujumbura,
wa Kigoma mnaosikia ziwa jingine usiku,
tunawaita. Mada ni moja: MSINGI.

Hatuulizi nani alisema nini katika karne ipi.
Hilo tunalijua, au tunajifanya tunalijua.
Tunauliza hivi: mvua ya Novemba iliposhuka,
nyumba ya Mama Nabintu, muuza sambaza wa langoni petu,
ikateleza hatua tatu hadi kiwanja cha jirani,
mlango bado umefungwa kwa kufuli,
naye amesimama pale juu na ufunguo mkononi,
je, ufunguo ule ni wa nyumba ipi?
Na zile hatua tatu za udongo mtupu, ni za nani sasa?
Korti ina swali hilo tangu mwaka juzi.
Korti haina haraka.
Sisi tuna viti sita; tunaweza kujaribu.

Tuma muhtasari, maneno mia tatu, usizidishe.
(Yule aliyetuma kurasa arobaini mara iliyopita
anajijua, na bado tunamsalimu.)
Kiswahili, Kifaransa, hata Mashi,
mradi swali lisimame kwa miguu yake.
Nauli haturudishi. Malazi ni kwa masista, Nguba,
geti hufungwa saa tatu na hawabembelezeki.
Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini Machi,
saa sita ya usiku, au umeme utakaporudi,
chochote kitakachochelewa zaidi.

Sharti moja halijadiliwi:
ukurasa wa kwanza usiwe na jina lako,
wala la chuo, wala la kijiji ulikozaliwa.

Hapo nilisimama kidogo.
Maana kwetu jina ndilo huulizwa kwanza.
Kwenye kizuizi, jina. Kwenye daraja la Ruzizi, jina,
kisha la baba, kisha mtu anakukazia macho puani
kama anayesoma tanbihi.
Binamu yangu Murhula alitaja lake usiku mmoja barabarani.
Hakuulizwa swali la pili.

Basi sisi, watu wa viti sita,
tutasoma fikra kwanza, mtu baadaye.
Ni jambo dogo. Wenzetu wa mbali huliita utaratibu.
Mimi nimeliandika kwa herufi nzito
na nimelipigia mstari mara mbili,
Profesa akaufuta mmoja, akaniachia mmoja.

Wito haujasafiri bado. Uko mlangoni tu,
umebandikwa kwa uji wa muhogo, gundi imekwisha.
Lakini leo asubuhi, chini ya mlango,
nimekuta bahasha.
Haina jina, kama tulivyoagiza.
Karatasi ya daftari la shule, mistari ya bluu,
maneno mia na kumi, nimeyahesabu kabla ya kuyasoma.
Kona moja ina doa la mafuta.

Nimeipa namba moja,
nikampelekea Profesa bila kuifungua tena.
Aliniuliza kwa nini nisiipime mwenyewe.
Nikamwambia siwezi, mwalimu:
inanuka sambaza,
na pua yangu imeshasoma jina.